Nilivyobishania Kaseti Mbele ya Wakwe Koboko

Kuna aibu ambazo mtu huzisingizia pombe, na wengine huzisingizia shetani, lakini siku ile mimi nilikuwa nimekunywa soda tu, tena nusu chupa, na shetani naamini alikuwa na kazi zake mahali pengine, kwa hiyo nikubali tu mapema kwamba mdomo ulionifedhehesha mbele ya wakwe zangu, majirani wa wakwe zangu na waendesha boda wote wa upande ule wa Koboko ulikuwa wangu mwenyewe, na niliufungua kwa hiari.

Kwanza niwaeleze ugonjwa wenyewe. Arua, huku kwetu Uganda karibu na mpaka wa Kongo, ni mji wa ubishi. Ukifika Onduparaka utakuta watu wazima wanaacha chakula kinapoa kwa sababu ya penalti iliyopigwa msimu uliopita, na hakuna anayewashangaa, wanaitwa wapenzi wa mpira. Sisi wa Awindiri (si wote, msije mkawaonea majirani zangu, ni watu wachache tu tunaokutana Jumapili kwenye kibanda cha Ezati, fundi wa redio) tunabishana kuhusu albamu za progressive rock, ipi ni kubwa kuliko zote, na tumebishana hivyo tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Wenyewe tunaiita roki ndefu, maana wimbo mmoja unaweza kumaliza upande mzima wa kaseti, mara kinanda kinalia peke yake kama mtu aliyepotea porini, mara filimbi, mara ngoma zinaingia kwa hesabu ambayo ukitaka kuicheza unajikwaa, halafu mwimbaji anakuja mwishoni kabisa, anasema maneno machache yasiyoeleweka, anaondoka zake. Huwezi kuipiga harusini. Huwezi kuipiga baa. Nadhani ndiyo maana tunaipenda, hakuna mwingine anayetunyang'anya.

Ilitufikia tulipokuwa sekondari. Wafanyakazi wa misaada waliokuwa wakihama waliuza vitu vyao, santuri zikaangukia mikononi mwa Mkongo mmoja aliyekuwa na duka la kurekodi kaseti sokoni, naye hakuwa na haja na majina ya Kizungu yaliyoandikwa juu ya majalada, alisikiliza mwanzo tu, akaandika alichosikia. Kwa hiyo tulikuwa na Wazungu wa Treni, tulikuwa na Wazungu wa Mvua, na tulikuwa na Wazungu wa Upepo. Majalada yakaliwa na mchwa, santuri zikapinda kwa jua, mwenye duka akarudi kwao, na sisi tukabaki na kaseti zisizo na baba wala mama. (Msiniambie habari za simu. Tulishajaribu. Tuliweka simu ya kisasa mbele ya spika, ikasikiliza, ikafikiri, ikasema haijui kitu. Kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, ambayo nayo ilinakiliwa, ina mlio wa kukaanga mafuta zaidi kuliko muziki.)

Ezati ni wa Treni. Mimi ni wa Upepo, mpaka kaburini. Mnisikilize kidogo hapa maana ndipo mambo yote yanapotoka. Upande wa kwanza wa kaseti yangu unaanza na upepo, upepo mtupu, kama ule unaopiga turubai la lori ukiwa umelala juu ya magunia, halafu kinanda kinaingia kwa mbali, halafu ngoma, na safari inaanza, mpaka upande unakwisha kwa upepo ule ule. Upande wa pili unaanza na kengele chache, na unamalizika na kengele. Kengele nyingi, za kwenda juu, kama umefika mji ambao watu wanakusubiri. Sasa mimi ni mtu wa kuondoka. Nimeendesha lori mpaka Juba, nimeuza samaki wakavu Bunia, nimepaka rangi nyumba za watu Gulu, na kila mahali nilipolala kaseti ile ilikuwa ndani ya begi, imefungwa kwenye soksi, na nikiisikiliza ikafika kwenye zile kengele nilijiambia haya, Asiku, na wewe kuna siku utafika.

Nikafika kwa Poni. Poni ni fundi cherehani wa Koboko, mji wa mpakani mbele ya Maracha, barazani kwake niliingia kushonewa suruali iliyopasuka mahali ambapo mtu hawezi kuendelea na safari, nikarudi kesho yake na shati lisilo na tatizo lolote, nikarudi tena. Ni mwanamke wa maneno machache. Nilipompigia kaseti yangu mara ya kwanza alisikiliza upande mzima huku akishona, halafu akaniuliza kwa upole, "Hawa watu wataanza kuimba saa ngapi?" Nikajua nitamwoa.

Baba yake alishafariki, aliyemlea ni baba mdogo, Mzee Lemi, na kwa Mzee Lemi ndiko ilibidi nipeleke watu kuzungumza mahari. Poni akanipa masharti ya nyumbani kwao. Mwanamume anayeoa anakaa kwenye kigoda katikati ya ua, anaangalia chini, hasemi neno, anasemewa na watu wake, mpaka msichana aitwe aulizwe kama anamjua na yeye aseme ndiyo. Akifungua mdomo kabla ya hapo, yote yaliyozungumzwa yanafutika, wageni wanatolewa nje ya lango wabishe hodi upya kama ndiyo kwanza wamefika. Akifungua mara ya pili, wageni wanakwenda kwao, na hapo hakuna cha kubisha hodi tena.

"Asiku, mimi naomba kitu moja tu," Poni akaniambia. "Siku moja, funga mdomo."

Nikamwambia nitakuwa kama jiwe.

Halafu nikafanya uamuzi mdogo, na nataka mwone jinsi ulivyokuwa mdogo. Sisi ni Walugbara, wao ni Wakakwa, kwa hiyo mazungumzo yangekuwa kwa Kiswahili, na kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye alistahili kunisemea, analima muhogo Ayivu na Kiswahili chake kinaishia kwenye bei ya gunia. Poni alipendekeza nimchukue mzee wa kanisa wa mtaani kwetu, mtu mtaratibu, anayesema sentensi moja na kupumzika. Mimi nikasema hapana, nitamchukua Ezati, hakuna anayejua kusema kama Ezati katika Arua nzima. Ni kweli. Ubaya ni kwamba nilijua vizuri anachopenda kusema.

Tulikodi gari, mbele Ezati na dereva, nyuma mimi na kaka na mbuzi. Kabla hatujaumaliza mji Ezati alikuwa ameshasema kwamba albamu isiyo na ngoma ya peke yake, ile ambapo wengine wote wananyamaza mpiga ngoma afanye yake, haiwezi kuitwa kubwa, na mimi nikamjibu kwamba ngoma ya peke yake ni mahali wenzake wanapokwenda kunywa maji, naye akanijibu, nami nikamjibu, tukapita Maracha tunajibizana, mpaka kaka akasema kwa Kilugbara kwamba kelele hizi za Wazungu ziishe sasa hivi ama atashuka na mbuzi wake. Mbuzi ndiye aliyetutisha. Tukaapishana pale pale, hakuna neno la muziki mpaka turudi Arua.

Na niwaambie ukweli, Ezati alianza vizuri sana. Watu wamekaa chini ya turubai, mimi kwenye kigoda changu naangalia mchwa wakipita kati ya viatu vyangu, na Ezati amesimama anasema kama maji. Aliwasifu watu wa Koboko, akaisifu njia, akaisifu hewa. Alisema sisi tumeona ua moja limechanua huku na tumekuja kuuliza shamba ni la nani. Shangazi Keji, dada yake Mzee Lemi, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru ambaye ndiye mlinzi wa taratibu zote pale, alikuwa akiitikia kwa kichwa. Wakaongea ng'ombe, wakaongea mbuzi, wakavutana kidogo kwa adabu, wakafika mahali pazuri. Wazee wa kwao wakaomba nafasi waende nyuma ya nyumba wakubaliane mwisho, Shangazi akaingia ndani kusimamia vinywaji, na Mzee Lemi, kwa kuwa ni mwenye nyumba na si vizuri wageni wakae hivi hivi, akasema ngoja awaletee muziki kidogo.

Akatoka na redio kubwa ya kaseti, ya zamani, antena imefungwa waya. Akabonyeza.

Mlio wa kukaanga mafuta. Halafu kengele.

Ndugu zangu, nilisikia nywele za mikono zikisimama. Kengele zangu! Nimezisikia kwenye malori, nimezisikia kwenye vyumba vya kulala wageni ambavyo mlango haufungi, sikuwahi kuzisikia kwa mtu mwingine zaidi ya wale wa kibandani, na sasa ziko hapa, mikononi mwa mtu anayekwenda kuwa mkwe wangu. Mguu wangu ukaanza kugonga chini wenyewe. Nikafikiri Mungu huyu kweli anapanga mambo.

"Nyinyi watu ya Arua," Mzee Lemi akasema, "mnajua hii muziki?"

"Tunajua, baba," Ezati akasema. "Tunajua sana."

"Hapana sema tu unajua. Hii si ya kucheza, hii iko ya kusikia. Mimi nilinunua Yei, huko Sudan, wanaita Wazungu wa Kengele. Dunia mzima hakuna kaseti kubwa kushinda hii. Inaanza na kengele, inamaliza na upepo."

Mtu mwenye akili, akiwa kwenye kigoda, hapo angeshukuru. Mkwe anasifu albamu ile ile ambayo wewe umeitetea miaka yote, anaitaja kuwa kubwa kuliko zote duniani, mbele ya Ezati, tena Ezati hawezi kubisha! Sikutakiwa kufanya kitu. Nilitakiwa kuendelea kuangalia mchwa. Lakini lile neno, inaanza na kengele, liliniingia kama jiwe kwenye kiatu. Haianzi na kengele. Aliyemrekodia Yei alianza na upande wa pili, akabandika karatasi upande usio wake, basi, na huyu mzee maisha yake yote amekuwa akianza kusikiliza pale pa kumalizia. Nikakohoa.

Ezati akaniona. Anajua uso wangu, amekaa nao Jumapili zote hizo, na akaona kitu ambacho hajawahi kukipata na hatakipata tena: mimi nimefungwa mdomo na desturi na yeye ana ruhusa ya kusema.

"Baba," akasema kwa sauti ya heshima kabisa, "kuna mutu huko Awindiri, sitataja jina yake, kila siku anabisha kwamba hii kaseti inaanza na upepo."

Mzee Lemi akacheka. "Na upepo? Kengele ndiyo inaamusha. Mutu gani anatoka safari mbele ya kuamka?"

"Mimi namwambia hivyo hivyo, baba. Lakini masikio yake iko ya kushikilia kofia tu."

Wote wakacheka, mpaka kaka yangu ambaye hakuelewa. Na mimi, kwenye kigoda, nikainua kichwa.

"Muzee," nikasema, "hiyo kaseti iko mgongo. Umeanza mwisho yake."

Redio ilikuwa imefika kwenye filimbi, sehemu nzuri sana. Shangazi Keji alikuwa amesimama mlangoni na sinia la soda.

"Mukwe amesema," akatangaza.

Kutoka nyuma ya nyumba mzee mmoja akauliza amesema nini.

"Amesema kaseti ya Lemi iko mgongo."

Halafu Shangazi akaweka sinia chini, akatunyooshea lango kwa mkono wote, na tukatoka. Tulitoka na kila tulichoingia nacho, hiyo ndiyo taratibu, kwa hiyo kaka alimvuta mbuzi, na mbuzi, ambaye alikuwa ameshaanza kula majani ya wenyewe, aligoma, ikabidi nimsukume kwa nyuma, nikiwa nimevaa koti la kuazima, mbele ya watoto wa jirani na mama mmoja Msudani aliyesimamisha biashara yake ya nyanya ili aone vizuri.

Lango likafungwa. Ng'ombe waliokuwa wamekubaliwa wakafutika, maneno mazuri ya ua lililochanua yakafutika, tukawa watu waliosimama barabarani na mbuzi.

Hapo ndipo ningepaswa kusimama kimya nisubiri tubishe hodi. Lakini Ezati alikuwa ameegemea ua wa miti anacheka mpaka machozi, na nikamuuliza anacheka nini, na akasema anacheka kwa sababu hata mkwe wangu anasema inaanza na kengele, na mimi nikasema ya Mzee imerekodiwa vibaya, ungekuwa na masikio ungejua, ule upepo ni wa kuingilia, kinanda kinaingia taratibu, hakuna mtu duniani anayeingia kwa kengele na kutoka kwa kinanda cha kuingilia. Nilisema kwa sauti kubwa kidogo. Boda moja ikasimama. Ikasimama nyingine. Dereva mmoja akauliza kama sisi ni wahubiri, mwenzake akamwambia hapana, hawa wamefukuzwa ukweni, na wote wakazima pikipiki.

Ndipo ua wa miti ukanijibu.

"Na ile ngoma ya upande wa kengele," sauti ikasema kutoka ndani, karibu kabisa, "ile inaamusha mutu. Unaweza kuweka ngoma ya kuamusha mwisho?"

Ilikuwa ni Mzee Lemi. Alikuwa amesimama upande wa pili wa miti, nadhani alikuja kutusikiliza tu, akashindwa kujizuia. Nilimwelewa, maana ningefanya hivyo hivyo. Nikasogea, nikaweka mdomo kwenye majani, nikamwambia kwa heshima zote kwamba ile ngoma haiamshi, inakaribisha. Akasema hapana. Nikasema asikilize vizuri baada ya filimbi. Akasema amesikiliza kabla mimi sijaota ndevu. Waendesha boda walikuwa wameshagawanyika, wengine wako na Mzee, wengine na mimi, wakati hakuna hata mmoja aliyejua tunazungumzia nini.

Halafu Mzee akashusha sauti, nikamsikia mimi tu na labda Ezati.

"Kijana, mwaka vita ilitukimbiza kutoka hapa, kengele ya kanisa ilikuwa inapiga. Mimi nilikuwa mutoto. Nyuma ya kengele ilikuwa upepo tu, mpaka Yei. Usiniambie inaanza wapi."

Nilibaki na uso wangu kwenye majani. Nilikuwa na hoja nyingine tatu nzuri sana kuhusu kinanda, zikaniishia.

"Mimi baba nilianza njiani," nikamwambia. "Kengele nimeiweka mwisho kwa sababu nataka kufika."

Nilimsikia akisogeza majani kuja karibu. Na kabla sijajua kama nimemkosea zaidi au nimemgusa, lango likafunguka na Shangazi Keji akasimama pale, akaniona mimi nimeingiza kichwa kwenye ua kama mbuzi, akageuka ndani akamwona kaka yake naye ameingiza kichwa kutoka upande wake.

"Mukwe amesema tena," akatangaza.

Basi ndiyo mwisho, nikajua. Mara ya pili. Kaka yangu alianza kufungua mlango wa gari. Lakini wazee wa kwao wakatoka, wakaanza kuulizana, maana jambo lilikuwa na utata: mukwe amesema, ndiyo, lakini amesema akiwa nje ya lango, na nje ya lango yeye bado si mgeni, na juu ya hayo mwenye nyumba amemjibu, na mwenye nyumba hakatazwi popote lakini pia haijawahi kutokea. Mmoja akasema turudishwe tu Arua. Mwingine akasema huyu Lemi naye atolewe nje. Wakabishana mpaka Shangazi akachoka, akasema kama ni hivyo aitwe mwenyewe, asipomjua huyu mutu mambo yameisha na kila mtu atakula kwao.

Nikarudishwa kwenye kigoda. Poni akatoka jikoni amevaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, la rangi ya machungwa, sikuwahi kumwona nalo. Watu walikuwa wengi kuliko mwanzo, boda zote zilikuwa zimeingia.

"Poni," Shangazi akasema, "angalia hii mutu. Unamujua?"

Poni akaniangalia, hakuharakisha.

"Mimi nilijua moja," akasema, "aliniambia iko jiwe. Huyu simujui."

Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka. Niliangalia chini na hata mchwa sikuwaona. Nilifikiria kurudi Arua na mbuzi, halafu baada ya Arua mahali pengine, halafu pengine, kama zamani, na nikahisi uchovu ambao sikujua ninao. Maneno ya kumwomba yalikuwa tayari mdomoni, mazuri, mengi, na nilijua nikitoa hata moja nimekwisha. Ezati, ambaye ana neno kwa kila kitu, alikuwa amekaa anaangalia mikono yake.

Hapo Mzee Lemi akasimama, akaja mpaka mbele ya kigoda changu, akainama.

"Mukwe," akasema polepole, ua mzima unasikia, "wewe unajua muziki. Sema basi. Inaanza na nini?"

Niliona mitego mingi barabarani, ya askari, ya majambazi, lakini kama ule sikuwahi. Upepo, upepo, upepo, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nyuma yake redio ilikuwa imefika mwisho wa upande wa kengele, na kama nilivyosema, upande ule unakwisha kwa kengele tena, zile kubwa, na mtu yeyote mwenye masikio anasikia kwamba huo ni mwisho. Zilipiga zote. Nikauma ulimi. Si kwa mfano, niliuma kweli, nikaonja chumvi, na nikaendelea kuangalia viatu vya Mzee Lemi mpaka redio ikajizima yenyewe, tak.

"Huyu ndiyo yeye," Poni akasema. "Sasa namujua."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika mpaka sokoni. Kaka alikumbatiwa na watu asiowajua. Mzee Lemi alinishika mkono muda mrefu, akageuza kaseti, akaiacha ipige upepo tunapokula, na Ezati alikaa upande wangu, akala kuku wa watu wawili na hakutaja Treni hata mara moja (alianza tena kwenye gari, kabla ya Maracha).

Lakini msidhani aibu iliishia pale. Arua yote inajua, Ezati alihakikisha. Koboko ni mbaya zaidi, siwezi kushuka kwenye gari bila mwendesha boda fulani kuniuliza kutoka ng'ambo ya barabara inaanza na nini, na mama wa nyanya ananiongezea nyanya moja kila nikinunua, kwa huruma. Kwenye kikao cha mwisho cha wakwe Shangazi Keji aliniweka mbali na redio, kwa makusudi, kama mtoto anayewekwa mbali na jiko.

Kwa hiyo nimeapa. Vijana wa kibandani wakienda kuoa ninawaambia wamchukue mzee wa kanisa, yule wa sentensi moja. Na mimi mwenyewe nimeapa kwamba jambo lolote linalohusu muziki, likitoka mdomoni mwa mkwe wangu, limekwisha, limetosha, ni kweli.

Juzi amepiga simu. Aliongea na Poni habari za shamba na za magoti yake, halafu akaomba anipe mimi. Akaniambia ameisikiliza tena kaseti yetu usiku uliopita, kwa makini, na amegundua kwamba ile inayolia katikati, pale ngoma zinaponyamaza, ni tarumbeta.

Ni filimbi. Hata mbuzi yule angekuambia ni filimbi.

Poni aliacha kushona, akanitazama. Nikavuta kiti, nikakaa, nikashika simu kwa mikono miwili.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Tarumbeta. Tena ni nzuri sana."